Wamepanga Upya

Theluji imeanguka Otaru usiku kucha
ikafunika ile mistari ya njano yenye vinundu
ambayo nyayo zangu huisoma hadi kituo cha basi.
Leo njia ni ukurasa uliofutwa.
Naichomeka fimbo, inazama, hainijibu.
Hata magari yamevaa soksi.

Naenda hivyo hivyo. Maziwa yamekwisha,
na dada yangu Setsuko anafika saa kumi,
na macho yake mazima, na maoni yake.

Duka nalijua kwa upepo wa moto unaonipuliza shingoni,
kwa viazi vitamu vinavyookwa karibu na mlango,
kwa friji la tatu linalokoroma kama mjomba.
Hatua kumi na mbili, geuka kushoto, tano, mkate.
Nane zaidi, baridi inauma vifundo: maziwa.
Hapo napitisha kidole juu ya pakiti, ukingoni,
natafuta mkato, nusu duara ndogo
kama alama ya jino la mtoto.
Yenye mkato ni maziwa. Isiyo nao ni juisi.
Sijui ni nani aliyekaa mezani siku moja, mkasi mkononi,
akanifikiria.

Lakini leo wamepanga upya.
Nimenyoosha mkono kwenye mkate, nimeshika sabuni.
Kwao ni rafu tu zimesogezwa ili mauzo yapande;
kwangu ni mji mzima umehama
bila kuniachia anwani.

Nasimama. Watu wananipita wakijikunja,
kama maji yanavyopita jiwe.
Macho hayana pazia, husema walio nayo.
Anayenitazama namjua:
magurudumu ya kigari chake huacha kulia.

Anakuja kijana. Anaitwa Obata, wiki ya pili kazini.
Ananishika kiwiko kama anabeba trei ya glasi.
"Acha. Nipe chako wewe. Mimi ndiye ninayeshika."
Anacheka kwa haya, ananipa:
kiwiko chembamba, sweta linanuka kitunguu.

Tunafika kwenye makopo.
Kopo ni kopo, mviringo, baridi, kimya.
Bia tu ndiyo wameiwekea nukta; walevi wana bahati.
Mwezi jana nilimwandalia mgeni mapichi,
wakatoka samaki.
Tulicheka, ila yeye alicheka zaidi.
"Bei?" Anataja. "Hakuna la bei nafuu?"
Anasita. Nasikia anavyoshangaa
kwamba kipofu naye huchagua.

Kwenye malipo hayupo tena Bi Nagase,
aliyenihesabia chenji kiganjani, sarafu moja moja,
akizisifu nywele zangu hata zikiwa hovyo.
Kipo kioo. Laini kama barafu juu ya dimbwi,
kinasema: gusa skrini.
Niguse wapi? Kila mahali ni pale pale.
Kidole kilichopata jino la mtoto kwenye karatasi
hakipati hapa kunjo wala kovu.

"Mfuko? Kadi ya pointi?" Obata ananisomea,
kisha, kwa sauti ile ile: "Namba ya siri?"
Foleni nzima nyuma yangu inakohoa kwa adabu.
Nachomoa noti, napapasa alama za pembeni, nalipa taslimu.
"Samahani," ananong'ona, amechelewa.

Saa kumi na dakika tano Setsuko anafungua friji langu.
"Nani alikununulia haya?"

Simjibu. Nachukua kidole chake cha shahada,
nakiweka juu ya pakiti, ukingoni.
"Hii nini? Imechanika?"
Miaka yote anafungua maziwa, na hajawahi kukutana nao.
"Soma," namwambia.

Anarudia kupapasa, mara ya pili, ya tatu, haongei.
Nje jirani anakoleza koleo kwenye theluji.
Mezani lipo kopo bado.
Obata alisema mapichi.
Tutaona.